Baba Aliyekwama Katikati ya Sala

Juzi nilikuwa natoka Katindiuka kwa bodaboda, nimepakata kuku niliyepewa na shangazi, tukapita kando ya mashamba ya mpunga ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yanachanua. Wenzangu mliokulia huku mnaijua harufu ya mpunga wa Supa ukichanua. Asiyeijua humwelezi akaelewa. Ni harufu ya wali kabla wali haujawa wali, inakuja na umande wa majani na tope, na ikikupata hujui kama una njaa au una huzuni. Nikamwambia dereva asimame. Akadhani nimeangusha kitu.

"Umedondosha nini, mama?"

Nikamwambia sijadondosha kitu, nataka tu kusimama. Akazima pikipiki, akanitazama kwa ile adabu ambayo vijana huwatazamia watu wazima walioanza kuchanganyikiwa, kisha akatoa simu yake akawa na shughuli zake. Nikasimama pale na kuku wangu kwapani, nikalia kwa raha zangu.

Baba alitutoka masika yaliyopita. Nilidhani nitamkumbuka kwa kofia yake au kwa kikohozi chake cha alfajiri, kumbe namkumbuka zaidi kwa pale alipokuwa akinyamaza. Baba alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kurudia rudia silabi kidogo halafu mtu akaendelea na safari yake. Cha baba kilikuwa cha kukwama kabisa, mdomo wazi, macho yamefumbwa, mshipa wa shingo umesimama, na neno limekaa humo ndani limegoma kutoka. Ungeweza kwenda kuchota maji ukarudi. Na bado huyo ndiye mtu aliyetusalisha bondeni, Jumapili baada ya Jumapili, miaka yote ya utoto wangu.

Nyumba yetu ilikuwa Mlabani, lakini mvua zikishika tulihamia shambani, kama tulivyofanya karibu wote tuliotoka upande wa Mahenge na Ulanga. Tulibeba vyungu, mikeka, jembe na mama akabeba ndoo ya chumvi kichwani kana kwamba huko tuendako ndiko tutakakozikwa. Shamba lilikuwa mbali, ng'ambo ya maji, na mpaka mavuno tuliishi kwenye dungu, kile kibanda cha juu chenye ngazi ya miti, ambacho ukikaa ndani unaliona shamba lote. Kutoka kwenye dungu zilitandazwa kamba ndefu juu ya mpunga, na kwenye kila kamba yamefungwa makopo. Ndege wakitua, unavuta kamba, makopo yanapiga kelele, kwelea wanaruka kwa pamoja wanakwenda kwa jirani. Jirani naye anavuta ya kwake. Huko ndiko kuamia ndege, na ndiyo kazi ya kwanza niliyoijua duniani.

Kwelea wana ratiba. Asubuhi wanakula, adhuhuri jua likiwa kali wanajificha kwenye matete, alasiri wanarudi na njaa mpya. Kwa hiyo ibada yetu ya Jumapili haikufuata kengele ya kanisa. Ilianza ndege walipokwenda kupumzika, na ilitakiwa iishe kabla hawajarudi. Padre alikuja bondeni kwa nadra sana, maji yakikubali. Siku nyingine zote tulikusanyika wenyewe kwenye uwanja wa kupigia mpunga, tukaketi juu ya magunia, na mmoja wetu akasalisha.

Jinsi baba alivyopata kazi hiyo, mama alipenda kuisimulia akiwa anapepeta mchele, ili apate pa kucheka. Mzee aliyekuwa akisalisha zamani alirudi kwao kwa uzee, na watu wakakutana kuchagua mwingine. Baba ndiye pekee aliyekuwa na kitabu cha sala kisichokosa kurasa. Mtu akataja jina lake. Baba akasimama kukataa. "Alipofika kwenye si ya siwezi," mama alisema, "watu walishapiga makofi, wameshaagana, wameshafika kwenye madungu yao."

Wakati huo nilikuwa mdogo, sijaanza shule, na nilikuwa na maelezo yangu kuhusu baba ambayo sikumwuliza mtu, maana sikuona kama yanahitaji kuulizwa. Nilijua kwamba Mungu ndiye anayempa mtu maneno ya sala. Walisema hivyo wenyewe wakubwa. Basi niliamini kwamba baba, tofauti na watu wengine, alikuwa hasemi neno lolote mpaka apewe. Alipofumba macho na kusimama kimya, mimi nilijua anasikiliza. Nami nikafumba ya kwangu, nikasikiliza. Nilisikia nyuki, nilisikia kambale akijirusha kwenye mfereji, na kwa mbali makopo ya mtu asiyesali. Mara moja nilimwuliza mama kwa nini Mungu anachelewa sana kumpa baba maneno. Mama alinitazama kidogo, akasema, "Ana watu wengi wa kuwahudumia." Nikaridhika kabisa.

Yale ambayo yangenitia shaka ndiyo yaliyonipa uhakika zaidi. Baba akiimba hakukwama hata mara moja. Akiwafukuza ndege, sauti yake ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye matete bila kujikwaa. Mimi nikaona sawa, maana wimbo umeshaandikwa, na kwa ndege mtu hahitaji kupewa maneno matakatifu. Lakini akiomba chumvi alikwama. Nikamwona baba yangu ni mtu mtakatifu kweli kweli, asiyeomba hata chumvi bila kupata ruhusa juu. Na watu wenye ulimi mwepesi, akina mama mdogo waliokuwa wakimwaga maneno kama gunia lililotoboka, niliwahurumia. Nilijua wanajitungia.

Waumini wenyewe walikuwa na namna yao. Mwanzoni, nadhani, walicheka. Lakini mtu huchoka kucheka, na kwelea hawasubiri. Basi baba alipokwama walianza kumsaidia. Akisema tumwombe Mungu atupe, akakwama, mtu kwenye magunia alisema "mvua." Mwingine alisema "afya." Baba aliitikia kwa kichwa, akaendelea na lililofuata. Akikwama kwenye jina la mgonjwa, watu walilitaja, na kama wagonjwa walikuwa wengi waliwataja wote. Wazee ambao sijawahi kusikia sauti zao popote pengine walisema maneno yao pale, wakiwa wameinamisha vichwa, kana kwamba wanamwokotea mtu kitu kilichoanguka. Aliyewahi kuliko wote alikuwa Bibi Gaudensia, jirani wa dungu la mashariki, mwanamke mwembamba, mkali, anayeishi peke yake. Baba alikuwa hajafungua mdomo sawasawa, Bibi Gaudensia ameshamkabidhi neno.

Wapo walionung'unika. Mzee mmoja alimwambia baba wakati wa kuagana, "Baba Adela, amina yako inatugharimu mpunga." Watu walicheka, baba naye akacheka, lakini jioni ile nilimwona amesimama muda mrefu kwenye ukingo wa shamba akiwatazama kwelea wanavyotua.

Nilianza shule baada ya mavuno ya mwaka ule. Mwalimu aliandika sentensi ubaoni akanisimamisha niisome. Niliijua. Lakini nilitaka kuifanya vizuri, kwa heshima, mbele ya watu wote wale. Nikasema neno la kwanza, nikafumba macho, nikasubiri. Darasa likanyamaza. Nikaendelea kusubiri, kwa furaha, maana nilijiona nimefika pale baba alipofika. Kisha nikamsikia mwalimu akisema kwa sauti ya upole sana, "Pole mwanangu, kaa. Kumbe umerithi kigugumizi cha baba yako."

Msichana niliyekaa naye dawati moja alinieleza kigugumizi ni nini. Alinieleza vizuri, kwa mifano, na mfano wake mkubwa ulikuwa baba yangu.

Nilimkuta baba uani anachonga mpini wa jembe. Nikamwuliza pale pale, bila hata kuvua sare, "Baba, kigugumizi ni nini?"

Akavuta pumzi. "Ni hi-hi-hiki," akasema.

"Kwa hiyo huwa humsikilizi Mungu?"

Ilibidi nimweleze, na alipoelewa alicheka mpaka akaweka kisu chini. Halafu akaniona uso wangu akaacha kucheka. Akanivuta nikae kwenye kigogo karibu naye. Alinieleza, na sitaandika alikokwama maana tutakesha, kwamba alizaliwa hivyo. Bibi yangu alimpeleka kwa wazee wakamchanja chini ya ulimi. Baadaye akampeleka kwa mapadre, akasaliwa. Bibi alisali rozari mpaka magoti yakaota sugu. Yeye mwenyewe alikuwa anaomba tangu akiwa kama mimi, kila siku, ulimi ufunguke.

"Na Mungu hakusikia?"

"A-alisikia," baba akasema. "Hajasema ki-ki-kitu."

Siku ile niliumia kuliko siku baba alipozikwa, na sioni aibu kusema hivyo. Nilikuwa nimeishi na watu wawili wanaozungumza, Mungu na baba yangu, mmoja akitoa maneno na mwingine akiyapokea. Sasa nikabaki na wawili walionyamaza. Nilimtazama baba akiokota kisu chake nikatamani sana nisingeanza shule.

Msimu uliofuata tulimkuta bondeni mtu mpya. Aliitwa Dismas, alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya miwa, kandarasi yake ikaisha akaamua kukodi shamba la mpunga. Huko kwenye miwa, ambako watu wametoka kila mkoa na kila dini, alikuwa mwalimu wa kwaya. Alikuwa na sauti ya kupendeza na ulimi usiojua kona. Alikuwa pia mtu mwema, hilo nilimkatalia wakati ule lakini lilikuwa kweli.

Jumapili ya kwanza baba, kwa adabu ya mwenyeji, alimkaribisha asome somo. Dismas akasoma. Watu wakatazamana. Akasali maombi ya waamini bila kitabu, akawaombea wagonjwa, wasafiri, wajane, mvua, viongozi, marehemu, na vyote hivyo kwa pumzi moja, na tulipofungua macho jua lilikuwa bado liko utosini. Kwelea walikuwa hata hawajajinyoosha. Mzee yule wa amina akampa mkono kwa mikono miwili.

Baba alimkabidhi kitabu wiki ile ile. Hakusukumwa na mtu. Mama alijaribu kumzuia, wakiwa kwenye dungu, mimi nikiwa nashona kombeo langu pembeni.

"Kwani wamekwambia uache?"

"Ha-hawajasema."

"Sasa?"

Baba alihangaika na jibu lake, akalipata vipande vipande. Kwamba ameomba miaka yote. Kwamba labda hili ndilo jibu lenyewe, Mungu hakufungua ulimi wake, ameleta ulimi mwingine. Alisema amepumzishwa. Alilisema neno hilo akitabasamu, na mama akageukia chungu chake asimwangalie.

Hakupumzika. Hilo ndilo ninalotaka kulisema, maana nililiona siku kwa siku kutoka kwenye lile dungu. Mtu ambaye kila wiki alilazimika kufungua mdomo mbele za watu, na watu wakamngoja, sasa hakulazimika. Akaanza kunyamaza. Kwanza Jumapili, amekaa kwenye gunia la mwisho nyuma kabisa. Kisha nyumbani. Alikuwa akitaka chumvi, ananyoosha mkono. Alikuwa akituita, anapiga makofi. Mwishowe hata ndege akaacha kuwapigia kelele, akawa anavuta kamba tu. Makopo yakipiga kelele nami nikitazama mdomo wake umefungwa, nilipata hofu ambayo mtoto hana jina lake. Nilihisi baba anaondoka akiwa amekaa pale pale. Mama naye aliliona. Nilimsikia akimwambia Mungu, huku anatwanga, kwa sauti ya mtu anayegombana na mwenye duka, "Kama ni kupumzika kwenyewe huku, mrudishie mzigo wake."

Kwenye ibada nako mambo yalibadilika, ila taratibu. Tulimaliza mapema. Tuliitikia amina pale palipotakiwa amina. Wazee wale wa kusema "mvua" na "afya" hawakuwa na pa kusemea, maana Dismas alishataja yote. Walikaa, wakasikiliza, wakafurahi, wakaondoka. Bibi Gaudensia akaanza kukosa ibada. Mama alipomwuliza alisema mgongo unamsumbua. Baadaye akasema, "Mwanangu, kule siku hizi nakwenda kusikiliza. Kusikiliza hata hapa nasikia."

Ikafika ile wiki ambayo mpunga umebeba maziwa, wiki ambayo ukipumzika kidogo tu umevuna mabua. Ndipo Bibi Gaudensia akashikwa na homa kali. Watu wakamshusha kutoka kwenye dungu lake wakamlaza chini yake, kivulini, kwenye mkeka. Alitakiwa apelekwe hospitali Ifakara, lakini maji yalikuwa yamejaa na mwenye mtumbwi alikuwa amekwenda ng'ambo tangu asubuhi. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja mtumbwi na kusali.

Dismas akaja mbio ameacha shamba lake. Akapiga magoti, akasali sala nzuri sana. Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya kanga ya mama, na hata mimi niliyemchukia nilijua ni nzuri. Bibi Gaudensia alisikiliza mpaka mwisho. Akaitikia amina. Kisha akalowesha midomo yake iliyokauka, akasema, "Asante, baba. Sasa niitieni yule anayekwama."

Watu wakatazama chini. Mama akanisukuma begani, nikakimbia.

Baba alikuwa katikati ya shamba, tope magotini. Nilipomwambia alitikisa kichwa. Nikamwambia tena. Akatikisa tena, akanyoosha mkono kuelekea alipo Dismas. Nikamwambia, "Amekutaka wewe. Amesema yule anayekwama." Ndege walikuwa wanatua upande wa pili wa shamba, wengi, na hakuna aliyevuta kamba. Kisha akaanza kutembea.

Alipiga magoti na tope lake. Akakataa kitabu ambacho Dismas alimpa. Akafumba macho, akasema, "Tu-tu-tumwombee," halafu akakwama.

Sote tulijua neno linalofuata. Mwenye jina alikuwa amelala mbele yetu. Lakini hakuna aliyemsaidia, sijui kwa nini. Labda tulikuwa tumesahau desturi, labda kila mtu alidhani mwingine atasema, kwa sababu siku zote aliyewahi kusema alikuwa ni huyo huyo mgonjwa. Mshipa wa shingo ya baba ulisimama. Jasho likamtiririka mpaka kidevuni. Kwa mbali makopo ya shamba jingine yalilia yakanyamaza. Baba akafungua mdomo zaidi, neno halikutoka. Nilitamani nimpe hilo jina kwa nguvu zangu zote. Mama alinishika mkono akanibana, akanizuia.

Ndipo Bibi Gaudensia akasema, "Remi."

Alilisema akiwa amefumba macho, kama alivyokuwa akimkabidhi baba maneno siku zote. Watu wazima wakashtuka. Mimi sikujua Remi ni nani mpaka mama aliponieleza baadaye. Alikuwa mwanawe wa pekee. Waligombana, akaondoka kwenda kutafuta kazi, na habari zake zikakatika. Tangu wakati huo bibi hakulitaja jina lile, wala hakuruhusu litajwe mbele yake. Sasa akalitaja tena. "Remi. Tumwombee Remi, mwanangu. Mimi ndiye niliyemfukuza." Akaanza kulia, kilio kikavu cha mtu asiye na maji mwilini, na baba akabaki na mdomo wake wazi, machozi yanamtoka, hajasema kitu.

Kisha mtu mwingine akasema jina. Halafu mwingine. Mzee wa amina akasema jina la kaka yake, na nikagundua kwamba hata yule alikuwa na kaka. Mama akasema jina la mtoto aliyenitangulia, ambaye sikuwahi kumwona. Kila mtu alisema la kwake, polepole, na hakuna aliyekuwa na haraka ingawa kwelea walikuwa wamejaa kila shamba. Mwishoni Dismas akafungua mdomo. Akakwama. Yule mwenye ulimi usiojua kona alifungua mdomo akafunga, akafungua tena, mkono ukiwa kifuani, na mama akamwambia kwa upole, "Sema tu, baba." Akasema, "Anjelina." Alikuwa binti yake, alimwacha kaburini kule kwenye miwa.

Mtumbwi ulifika alasiri, wakampeleka Bibi Gaudensia Ifakara, akapona. Remi hakurudi, angalau si kwa ninavyojua. Lakini bibi aliishi misimu mingine akilitaja jina lake kila Jumapili, na nadhani hilo nalo ni aina ya kurudi. Sisi tulipoteza mpunga mwingi siku ile, na sikumsikia mtu yeyote akiulalamikia.

Tulirudi shambani kwetu tukipita juu ya tuta, baba mbele, mimi nyuma. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alipiga kelele kuwafukuza ndege, sauti ikaenda mpaka kwenye matete. Nikapata ujasiri nikamwuliza, "Baba, ulikuwa unataka kusema jina gani?"

Akasimama. "Gau-Gau-Gaudensia," akasema.

"Tu?"

"Tu." Akatembea kidogo, akasimama tena, nami nikangoja. "Ningelisema," akasema polepole, "yeye a-asingesema lake."

Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa, au nilielewa kiasi cha kunitosha. Nilikuwa nimekosea nilipodhani Mungu anampa baba maneno. Na nilikuwa nimekosea tena nilipodhani Mungu amenyamaza. Ile nafasi baba alipokwama haikuwa tupu. Ilikuwa mlango, na kupitia mlango huo wamepita watu waliokuwa hawana pengine pa kupitia. Mwenye ulimi mzima asingeweza kuufungua, kwa sababu yeye hukaa mlangoni mwenyewe. Nimesoma mambo mengi tangu siku ile, nimewasikiliza wahubiri wenye vipaza sauti, na sijaelezwa udhaifu wa mtu ni wa kazi gani vizuri kuliko nilivyoelezwa juu ya lile tuta.

Jumapili iliyofuata Dismas alileta kitabu asubuhi na mapema, akamwambia baba kwamba yeye ataimbisha. Ikawa hivyo, mmoja akiimba na mwingine akikwama, na watoto tukapangiwa zamu ya kukaa kwenye madungu kuvuta kamba, kwa sababu ilishajulikana kwamba ibada itawakuta ndege wamerudi.

Sasa wote hao hawapo. Shamba lile lina wenyewe wengine. Mimi nilijaliwa ulimi mwepesi, nakula kwa ulimi huo, nazungumza kwenye semina na mikutano, na watu hupiga makofi. Hakuna aliyewahi kunipa neno. Sijui nimwambie nani kwamba hilo linanikosesha raha.

Miezi ya mwisho baba aliishi kwangu Lipangalala. Jumapili moja tulikuwa tumetoka misani, na somo la siku hiyo lilikuwa lile la mtume aliyeomba aondolewe mwiba mwilini, akajibiwa kwamba neema inamtosha. Baba alikaa barazani kofia gotini, anapunga upepo. Nikamletea maji. Nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza tangu siku ile ya mpini wa jembe.

"Baba, bado unaomba ulimi ufunguke?"

"Kila siku," akasema, bila kukwama hata kidogo, na mwenyewe akashangaa. Akanywa maji. "Ila si-siku hizi namwambia asifanye ha..."

Akakwama. Neno nililijua, mtoto yeyote anayepita njiani angelijua. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu mwepesi. Sikumpa. Nilimtazama alivyofumba macho, mshipa wa shingo umesimama chini ya ngozi iliyokuwa imelegea, kidole kikicheza juu ya kofia, na nikamngoja, watu wakapita wakatusalimu, sikuitika. Mwisho likatoka. "Haraka," akasema, akacheka peke yake.

Natamani mpaka leo lingekuwa bado limemkwama, nami niko pale barazani namngoja.